Anti, kidoti cha simu kimesema nilikuwa lodge, mi nilikuwa msibani

Shikamoo Anti,

Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Pasua hapa Moshi, nauza mitumba Memorial. Jina naomba usiliweke maana soko lile habari inazunguka kabla hujamaliza kufungua robota. Mume wangu ni dereva wa watalii, kampuni yao iko Arusha, kwa hiyo ikifika mwezi wa sita mpaka wa kumi huyu baba namwona kwa kuvizia, leo yuko Tarangire kesho Serengeti keshokutwa anashusha wageni uwanja wa ndege KIA na kupakia wengine hapo hapo, nyumbani anapita kubadilisha nguo tu na kuuliza ada imelipwa.

Haya mambo ya lokesheni yalianza vizuri kabisa. Mwaka jana nilienda Arusha kwenye sendofu ya mtoto wa mamdogo, wakati wa kurudi Noah tuliyopanda ikafia njiani kabla hatujafika Boma Ng'ombe, na simu nayo ikazima chaji, nimekuja kufika nyumbani saa saba usiku mwanaume ameshawapigia ndugu wote mpaka katekista. Kesho yake akachukua simu yangu akaingia kwenye ile ramani ya Google akawasha nionekane kwake muda wote, akasema ni kwa usalama wako mama watoto. Mi nikaona sawa, tena nilifurahi, nikasema huyu mtu ananijali. Na kuna siku ilinisaidia kweli, nilisahau simu kwenye bajaji, yeye akaiona inazunguka Majengo huko, akapiga mpaka dereva akapokea, jioni nikaletewa.

Sasa Anti imefika mahali kila kitu ni kidoti, kile kinachoonyesha kwenye ramani yake mi niko wapi. Nikipita Mbuyuni kuchukua ndizi napigiwa, unafanya nini Mbuyuni si ulisema uko Memorial. Nikichelewa kupokea naambiwa simu yako ina asilimia 60 na iko hewani, kwa nini hupokei, yaani mpaka chaji yangu anaiona! Na mi kwake sioni kitu, niliwahi kumwambia na wewe niwashie akasema porini hamna mtandao itanisaidia nini.

Juzi kati hapa mwenzetu wa jumuiya alifiwa na mama yake mzazi, Kibosho. Tukakodi Hiace asubuhi, tukapita Shanty Town kuwachukua wengine, tukasimama nje ya lodge moja kama robo saa hivi maana kuna mama alisahau kanga akarudi kuifuata, ndo tukapanda juu. Bando langu la siku lilikuwa linakata saa nne hiyo hiyo na salio sina, nikasema nitaunga jioni. Kufika kwa wafiwa pochi nikaweka chumbani, tukaingia nyuma kumenya ndizi, msiba una watu wengi vile nani anakumbuka simu. Saa nane nimeingia kuchukua kitambaa nakuta miskoli zimejaa. Nikamwomba mwenzangu simu nikampigia. Uko wapi? Niko msibani Kibosho. Akasema muongo, uko lodge Shanty Town toka saa nne, nakuona hapa, na simu ina asilimia 71 hupokei. Nikamwambia mbona hapa mkononi inasoma 38, akacheka kile kicheko cha dharau akakata.

Toka hapo anaongea na watoto tu. Na amemwongeza dada yake, huyu wifi yangu wa Kiboriloni, naye sasa ananiona kwenye ramani ili kaka yake akiwa porini yeye ashike zamu. Nikitoka tu inaingia meseji, wifi safari ya wapi hiyo jamani.

Kuna kingine kinanitisha zaidi. Nilimpiga picha mteja kajaribu gauni dukani kwangu, picha sijamtumia mtu yeyote wala sijaweka stetasi, jioni mume ananiuliza yule dada wa gauni jekundu ni nani. Na siku nyingine akarudia neno kwa neno kitu nilichomwandikia dada yangu WhatsApp. Simu hii alininunulia yeye, walifungua kila kitu na fundi pale pale dukani mi nikakabidhiwa tu inawaka.

Cha ajabu gari lake la kazini lina trakka na kila akirudi analalamika, eti bosi anapiga anauliza mbona gari limesimama dakika 40 Makuyuni, anasema wanamfanya kama mwizi.

Anti naomba unijibu, hivi kidoti kinaweza kudanganya? Nikizima si ndo nimekubali kosa? Na nitajuaje kama kuna kitu kingine kimewekwa kwenye simu? Hajawahi kuninyanyulia mkono, ila amesema akitoka safari hii tunakaa na wazee. Na binti yetu wa form two anataka kumnunulia simu naye aonekane.

Mama wa Pasua

..........

Marahaba mwanangu, na pole na msiba.

Hilo swali la kwanza umeshalijibu mwenyewe kwenye barua yako, sema hukuona. Nimeisoma mara ya pili ndo nikagundua. Mume amesema 71, simu mkononi inasoma 38. Sasa kama kweli alikuwa anakuona pale pale mbona hakuiona hiyo 38? Ile chaji na kile kidoti vinatumwa pamoja, vikienda vinaenda wote na vikisimama vinasimama wote. Simu yako mara ya mwisho kutuma taarifa ilikuwa kama saa nne, bando likiwa linapumua pumzi ya mwisho, mko nje ya hiyo lodge mnamsubiri mama wa kanga. Baada ya hapo bando kwisha, salio sifuri, simu ikakaa kimya, na ramani yake ikaendelea kuonyesha kitu cha mwisho ilichopewa. Alikuwa anaangalia saa nne mpaka saa nane anadhani anaangalia sasa hivi.

Watu wengi wanajua hii kitu inafanya kazi tofauti na inavyofanya, kwa hiyo niiseme vizuri kidogo. Zile satelaiti za GPS hazikujui wewe wala mumeo. Ziko juu huko kama kilomita 20,200, kazi yake ni kutangaza muda na mahali zilipo, basi. Simu yako inasikiliza, ikizipata angalau nne inapiga hesabu iko wapi, na ukiwa uwanjani mbingu wazi hesabu inatoka ndani ya mita 5 hivi. Lakini hiyo hesabu inabaki ndani ya simu yako. Ili mtu aliyeko Serengeti aione lazima simu imtumie kwa intaneti, na intaneti ya wengi wetu ni hilo bando la siku. Ndo maana bando likikata kidoti kinaganda. Na chini ya jina lako kwenye ramani yake huwa panaandikwa taarifa imetoka muda gani uliopita, ila mwenye wivu hasomagi maandishi madogo, anaangalia picha tu.

Na hata bando likiwepo kidoti kinaweza kuruka. Ukiwa ndani ya nyumba ya bati, au chini ya migomba na mikahawa iliyobanana kule Kibosho, simu inazisikia satelaiti kwa shida, basi inajikadiria kwa minara ya simu au kwa waifai zilizo karibu. Kwa minara inaweza kukosea mita mia kadhaa na huku kwetu kwenye makorongo na minara michache inafika hata kilomita kadhaa. Waifai nayo ina vituko vyake, Google wanakumbuka kifaa fulani cha waifai kiko jengo fulani, sasa mwenye kifaa akihama nacho kutoka Njiro kule Arusha akakifunga Machame, kuna kipindi simu za watu wa Machame zitajiona ziko Njiro mpaka kumbukumbu irekebishwe. Fungua ramani kwenye simu yako mwenyewe uangalie kile kidoti cha bluu, utaona kimezungukwa na duara hafifu. Duara likiwa pana simu inakwambia niko humu humu mahali fulani, sina uhakika.

Kwa hiyo ndio, kinadanganya. Lakini mwanangu nikuombe kitu, usiende kwenye hicho kikao na hoja hiyo peke yake, na usiifanye ndio ngao. Mwonyeshe ile 71 na 38, aone, akubali au asikubali, halafu uiache. Maana wiki ijayo kidoti kitakuwa sahihi kabisa, kitasema uko lodge na wewe kweli utakuwa lodge, mna kikao cha kamati ya harusi ya mtu, utajitetea na nini hapo? Ukishinda kesi hii kwa sababu kidoti kimekosea, utakuwa umekubali kwamba kidoti ndio hakimu wa nyumba yenu na siku zikifuata utahukumiwa nacho. Shida yako haikuanzia Kibosho. Ilianza siku mtu alipoacha kukuuliza "umeshindaje" akaanza kuuliza "Mbuyuni unafanya nini", na jibu lako likawa halina uzito mpaka ramani ikubaliane nalo.

Sasa tuje kwenye trakka maana mimi hapo ndo nilicheka peke yangu. Huyu baba anajua! Anajua kabisa inavyouma kupigiwa simu uko Makuyuni umesimama labda mgeni kashuka msalani au tairi limepata pancha, na mtu aliyekaa ofisini Arusha na chai yake anakuuliza mbona dakika 40. Ameipeleka nyumbani ile ile aliyofanyiwa kazini, na wala sidhani kama amekaa akaona. Mi madereva wa watalii nawajua, mtaani kwetu Sakina wamejaa, ni kazi ya kulala mbali na nyumbani usiku mwingi huku unasikia stori za wenzako wakizunguka moto jioni, nani mke wake kafanya nini, mtu anarudi kichwa kimejaa. Simtetei. Ila bosi wake ana hoja moja ambayo yeye kwako hana, lile Land Cruiser lina kadi na kwenye kadi kuna jina la mwenye gari. Wewe kadi yako iko kwa nani?

Hiyo ndio ningeanza nayo. Akirudi mwache aoge, ale, alale hata siku ya kwanza ipite. Usimfuate kwenye simu wakati yuko porini maana mtandao utakata katikati ya sentensi mbaya na atakaa nayo siku tatu. Mkiwa mmekaa muulize kuhusu kazi, muulize ile ya Makuyuni iliishaje, mwache aeleze bosi alivyo. Akishamaliza kulalamika mwambie na mimi nasikia hivyo hivyo, halafu nyamaza. Usimwongezee mifano. Wanawake tunapenda kumwaga yote kwa wakati mmoja kuanzia mwaka tulioolewa, siku hiyo usifanye hivyo.

Kuhusu wazee, usiogope kikao, ila kabla ya wazee kuna wasimamizi wenu wa ndoa, kazi yao si kukata keki tu. Waombe wao kwanza, ni watu wawili, wanaongea kwa sauti ya chini, na wakizidiwa ndo muende kwa wazee. Ukifika kwa wazee moja kwa moja suala la simu litageuka kuwa suala la ukoo, kila mjomba atakuwa na maoni kuhusu teknolojia ambayo hajawahi kuishika. Kama itabidi shahidi, mchukue mmoja tu wa kwenye Hiace, huyo wa kanga anatosha maana ndo sababu ya kusimama pale.

Usizime sasa hivi. Ukizima yeye yuko Serengeti na hasira zake atakachoona ni kidoti kimepotea, na utakuwa umempa ushahidi ambao hana. Mbadilishe mpangilio mkiwa pamoja. Kuna njia ya katikati ambayo mimi nawaambiaga hata wanangu, lokesheni iwe ya safari, isiwe ya maisha. WhatsApp ina ile ya kutuma lokesheni laivu, unachagua dakika 15, saa 1 au masaa 8, muda ukiisha inajizima yenyewe bila ugomvi. Unatoka Arusha usiku, unamtumia ya saa 1 au 8, anakuona umepita Usa River, umepita KIA, umefika, imekwisha. Unapanda boda usiku na dereva humjui, unatuma. Hiyo ndio usalama ule aliokuambia mwaka jana, na ni usalama kweli, Noah ikiharibika tena atajua wapi pa kumtuma mtu. Ila kujua upo kwenye meza ya ndizi Mbuyuni saa tano asubuhi haimlindi mtu na chochote.

Na iwe pande zote mbili. Hilo la porini hamna mtandao ni nusu ukweli, kuna maeneo makubwa kweli simu haishiki, lakini Mto wa Mbu mtandao upo, Karatu upo tele, Seronera pia upo. Hata mlima Kilimanjaro wenyewe, tangu 2022 TTCL wameshapeleka intaneti mpaka kwenye mita 3,720 kule, wageni wanapiga picha wanarusha hapo hapo. Kwa hiyo akisimama Karatu kununua maji atume ya saa 1 na yeye, uone anavyoshuka Manyara kurudi. Akikataa kabisa yake isionekane ila yako lazima, hapo mwanangu umeshapata jibu kwamba habari ya usalama imeisha na tunaongea kitu kingine.

Sasa hii ya picha na maneno ya WhatsApp. Hii ndo iliyonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine, maana ni kubwa kuliko kidoti na watu wengi wamekaa nayo hawajui. Sidhani kama umewekewa mdudu wowote wa kijasusi. Nadhani ni hivi, ile simu ilipofunguliwa dukani ilihitaji akaunti ya Google, wewe hukuwa na imeli, fundi na mumeo wakafungua moja, paswadi wanayo wao na namba ya kurudishia akaunti ni ya mumeo. Ukiwa na akaunti ya mtu umemaliza kila kitu. Picha zikiwa zimewashwa zijihifadhi Google, ukipiga dukani Memorial zinaonekana kwenye simu yoyote iliyoingia na akaunti hiyo, hata ya Arusha. Ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea nayo inafunguka kwa akaunti hiyo hiyo, kwa hiyo hata ukizima kule kwenye ramani bado simu inaweza kutafutwa. Na kuna barua ambazo Google huwa wanakutumia kukukumbusha kwamba unaonekana na fulani, wewe hujawahi kuiona hata moja kwa sababu hiyo imeli hujawahi kuifungua.

Angalia kwanza, kuangalia hakumwashii mtu taa yoyote. Ingia setingi za simu, sehemu ya Google, kwenye usalama utakuta orodha ya vifaa vilivyoingia na akaunti yako. Ukiona simu mbili na wewe una moja, umepata. Upande wa WhatsApp gusa vile vidoti vitatu juu, kuna mahali pameandikwa vifaa vilivyounganishwa, ukikuta pana kompyuta au kifaa usichokijua, hapo ndipo maneno ya dada yako yanapopitia, na utaona mara ya mwisho kilitumika lini. Ni mtu kushika simu yako dakika moja tu ukiwa bafuni, akaskani nayo ile alama ya kuunganisha inayotokea kwenye kifaa chake basi, anasoma mpaka siku utakapokitoa. Hicho unakitoa kwa kugusa na kuchagua kutoka. Baada ya hapo ingia duka la programu la simu uangalie zilizowekwa, usiyoijua muulize binti yako, hawa wa form two wanajua kuliko mafundi.

Kubadilisha paswadi na namba ya kurudishia ni haki yako na mwisho wa siku utabadilisha, ila ujue kwamba ukibadilisha, taarifa inaweza kumfikia yeye pale pale kwa sababu namba ni yake. Ndo maana nasema ongeeni kwanza. Akaunti ihamie kwenye namba yako mkiwa mmekaa wote, na kama anaona vigumu mwulize kama yuko tayari wewe uwe na paswadi yake kwa muda ule ule ambao yeye amekuwa na yako.

Haya yote nimeyaandika kwa sababu umesema hajawahi kukuinulia mkono na mimi nimekuamini. Kama kuna kitu hujakiandika, au kikianza, basi futa huo ushauri wa kukaa na kuongea. Usiguse hiyo simu wala kubadilisha chochote, tumia simu ya dada yako kuongea, na uende Dawati la Jinsia kituo cha polisi, wapo Moshi. Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema wazi hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Na kwa hili la kusomewa meseji, Katiba yetu ibara ya 16 inalinda mawasiliano ya mtu binafsi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Sikuambii ukamfungulie mume kesi kesho asubuhi. Nakuambia ili mjomba mmoja akisema kwenye kikao eti simu ya mke ni ya mume, uwe na cha kujibu.

Binti mwachieni. Kwanza shule nyingi za kutwa haziruhusu simu, itakaa kabatini na kidoti kitasema mtoto yuko nyumbani masaa yote, mtafurahi bure. Pili watoto wanajua kuacha simu kwa rafiki ikaendelea "kusoma" na yeye yuko zake kwingine. Akifika umri wa kusafiri peke yake kwenda bweni mtamnunulia na mtakubaliana naye mezani, aambiwe anaonekana na nani na lini, sio agundue.

Wifi yako huyo ndo rahisi kuliko wote na wala halihitaji kikao. Mwambie mume kwamba mkikubaliana chochote kuhusu lokesheni, ni chenu wawili, dada atoke siku hiyo hiyo, na jina lake unalikuta kwenye ramani yako hapo penye kushirikisha mahali ulipo, unamgusa unamtoa. Hamna ndoa ya watu watatu na huyo hakula kiapo kanisani. Meseji zake za safari ya wapi usizijibu kwa ukali, mwambie tu naenda Kiboriloni kwako wifi, weka chai, halafu kweli uende, umkalie mpaka saa moja jioni na watoto wote wawili, ukifanya hivyo mara mbili tatu atajitoa mwenyewe hata kabla kaka yake hajarudi.